Ubeti wa Tatu

Wananchi wa Mlalo walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova, kwamba wimbo ni mali ya umma. Tangazo lilikuwa refu na lilisomwa taratibu, kama jambo zito linavyostahili kusomwa. Lilieleza kwamba zamani, wakati wa mkoloni, wimbo ulikuwa wa mtu binafsi, naye aliweza kuufanya apendavyo, hata kufa nao. Sasa, chini ya Azimio la Arusha, nyimbo za Watanzania ni za Watanzania wote, sawasawa na mashamba, benki na viwanda. Na kilichomo mikononi mwa wananchi wote hakiwezi kupotea. Kwa hiyo siku ya maadhimisho ya Azimio, katika uwanja wa mpira wa Lushoto, mtunzi na mwimbaji mashuhuri Ndugu Darweshi Salimini, akiwa na gitaa lake na bendi ya shirika lake, angewarudishia wananchi nyimbo zao. Kiingilio bure. Kuhudhuria ni hiari, na mabalozi wa nyumba kumi wangehakikisha hiari hiyo inatekelezwa.

Aliyesoma alikuwa Afisa Utamaduni, Bwana Ramadhani, kijana nadhifu mwenye suti ya chuenlai iliyofungwa vifungo hadi shingoni, aliyeletwa milimani kutoka Tanga na ambaye hadi siku ile alikuwa hajazoea baridi wala watu wake. Alipomaliza alikohoa ndani ya kipaza sauti, na kikohozi nacho kikawafikia wananchi wote bila ubaguzi.

Sokoni, nyuma ya fungu la mapeasi, Yudith alikuwa anampimia mteja. Jina la Darweshi Salimini lilipotajwa mikono yake iliendelea na kazi peke yake. Ilitia mapeasi kwenye kikapu, ikatia mengine, ikatia tena.

"Dada Yudith," alisema Tatu, muuza vitunguu wa jirani yake, ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na siku ya mapumziko. "Na mapeasi nayo yamekwisha kuwa ya umma?"

Mteja, ambaye alikuwa akiunga mkono siasa hiyo kimyakimya, alichukua kikapu chake akaondoka haraka.

"Wamesema Darweshi?" Yudith aliuliza.

"Darweshi Salimini. Yule wa mume wako."

Ndivyo watu walivyomwita huyo mwimbaji pale Mlalo: yule wa Hezekia. Yeye mwenyewe huko Tanga hakujua kwamba ana mwenyewe.

Hezekia alikuwa mpasua mbao katika msitu wa Shagayu. Kazi hiyo inafanywa na wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa juu anaona mstari, wa chini anaona vumbi. Hezekia alikuwa wa juu. Wa chini alikuwa rafiki yake Sefania, mtu mpole aliyetoka kila jioni akiwa na nyusi za rangi ya unga, na ambaye alisema ndoa yake na msumeno ule ilikuwa na amani kuliko ile ya nyumbani.

Wapasua mbao wote huimba, kwa sababu msumeno usio na mwendo huenda upande. Wengine waliimba nyimbo za jando, wengine za kanisani. Hezekia aliimba wimbo mmoja tu, "Usiufunge Mlango" wa Darweshi Salimini, uliotoka mwaka wa Uhuru au uliofuata, watu bado wanabishana. Alikuwa ameusikia katika redio yake ya betri, na siku hiyohiyo alisema kwamba mtunzi huyu, ingawa ni mtu wa pwani na huenda hajawahi kushika hata shoka, amewatungia wapasua mbao. Ulikuwa wa mtu anayerudi nyumbani:

*Nimetoka mbali, nimechoka,*
*njia ni ndefu, mwezi mchanga;*
*usiufunge mlango, mpenzi,*
*nakuja, nakuja.*

"Nakuja" ya kwanza msumeno ulipanda, "nakuja" ya pili ulishuka. Kwa ubeti wa kwanza na wa pili Hezekia alipasua mbao za nusu ya nyumba zote unazoziona Mlalo. Ubeti wa tatu hakuupasulia mbao. Huo aliutunza. Msituni hakuuimba, wala njiani na Sefania hakuuimba. Waliagana kijitoni, naye akapanda peke yake akipiga mluzi, na alipofika kwenye kona ya mikaratusi, chini tu ya nyumba yake, ndipo alipoufungua. Yudith alikuwa ndani na maji yanachemka. Aliposikia ubeti wa tatu alitia unga kwenye maji. Hezekia alimaliza ubeti mlangoni, na ugali ukawa umeiva, na nguo zake zilinuka mkulo, ule mti wenye harufu kali ya dawa. Hawakuwa na mtoto. Walikuwa na mpango huo.

Masika moja gogo lililolowa liliteleza. Sefania, aliyekuwa shimoni, ambako kila mtu anajua ndiko kwenye hatari, alitoka na vumbi lake la kila siku. Hezekia, aliyekuwa juu, waliletwa kwake wanaume wanne na ngazi ya kumbebea.

Jioni ya kabla ya mazishi alikuja Mwalimu Mika, kiongozi wa kwaya. Mika alikuwa na kazi moja zaidi ambayo haikuandikwa popote: aliokoa nyimbo. Kanisa lilikuwa limekataza dansi tangu enzi za Wajerumani, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukataza redio, na tuni nzuri zilikuwa zikipita hewani bila mchungaji. Mika alizikamata. Alizigeuza do-re-mi, akazipangia sauti nne, akazipa maneno mengine, na Jumapili vijana waliozisikia Jumamosi zikiwa hazijaokoka waliziimba wakiwa wamekunja mikono kifuani.

"Pole, dada Yudith," alisema, akaketi kwenye kigoda ambacho hakikuwa cha wageni. "Nimekuja kuomba ule wimbo wa ndugu yetu. Tumzike nao."

"Ule ni wa dansi, Mwalimu."

"Tuni haina dhambi, dada. Maneno ndiyo yanayokwenda dansini. Tunaivua hayo, tunaivika mengine. Hata mimi siku nilipobatizwa nilibadilishwa shati, lakini nilibaki Mika."

Alimwomba amwimbie. Yudith aliimba ubeti wa kwanza na wa pili kwa sauti ndogo, na Mika akatikisa kichwa kila mstari kama mtu anayepokea mizigo kutoka garini.

"Basi? Una beti ngapi?"

"Mbili," alisema Yudith.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mzee wa kanisa. Ubeti ule wa kwenye kona haukuwa wa kuvuliwa wala kuvikwa. Watu wote aliwapa mumewe, akawapa na wimbo. Ubeti mmoja alibaki nao.

"Mbili zinatosha," alisema Mika. "Hali yenyewe ya mvua. Kaburini watu hawataki ubeti wa tatu."

Kesho yake Hezekia alishushwa kaburini kwa sauti nne:

*Ametoka mbali, amechoka,*
*njia ni ndefu, kazi imekwisha;*
*umfungulie mlango, Bwana,*
*anakuja, anakuja.*

Hapakuwa na mtu asiyelia. Hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula walilia kwanza. Na wimbo unaowaliza watu namna ile haukai kijiji kimoja. Ulitembea kwa miguu yake wenyewe: ulikwenda Lushoto, ukashuka Vuga, ukapita kwa Wakatoliki ambao walisema ni wao walioutunga. Waislamu hawakuuimba, lakini walizika majirani zao mara nyingi mno, hawakuweza kutoujua. Desturi yake nayo ilisafiri nao. Ukianza, watu wote husimama na wanaume wenye kofia za jua huzivua. Ubeti wa pili ukiisha, wote husema "Amina", na hapo kazi ya kaburini imekwisha. Watu hugeuka na kuondoka kimya bila kutazama nyuma, kwenda kunawa mikono. Ndani ya miaka michache hakukuwa na mtu milimani aliyekubali kwamba amezikwa vizuri kama hakuzikwa na "Umfungulie Mlango".

Yudith alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Kila msiba alisimama safu ya pili akaimba. Na kila alipoimba, maneno ya Mika yalikaa juu ya maneno ya Darweshi, yakayasukumasukuma, kama mgeni anayeanzia ukingo wa kitanda. Ubeti wa kwanza na wa pili bado aliweza kuzifukua. Ubeti wa tatu hakuuimba kwa mtu. Aliuweka. Mtu akiweka kitunguu anajua kitachipua au kitaoza. Nani angefikiri wimbo nao? Siku moja, maji yakiwa yanachemka, aliuita na haukuja wote. Safari nyingine ulikuja mstari mmoja. Mwishowe alibaki na maneno mawili ya mwanzo, "Na ukisikia", na baada ya hapo ilikuwa kama mtu amesimama kwenye kona na hapandi.

Alimuuliza Sefania.

"Ubeti wa tatu?" alisema Sefania. "Shemeji, mimi nilikuwa chini. Hata huo wa kwanza niliumeza zaidi kuliko nilivyousikia."

Aliuliza wenye maduka, aliuliza walimu waliohamishwa kutoka Tanga. Kila mmoja alianza kwa furaha, "Ah, huo!", akaimba beti mbili, na kwa ubeti wa tatu akapiga gitaa kwa mdomo. Alinunua betri za redio hata mwezi ambao hakununua mafuta ya taa. Lakini redioni palikuwa na nyimbo mpya nyingi, za mbolea na za kupanda kwa mistari, na wimbo wa mtu anayerudi nyumbani amechoka haukuwa na la kufundisha.

Kwa hiyo siku ile sokoni Yudith hakusikia habari za benki na viwanda. Alisikia kwamba mwenye ubeti wa tatu anakuja, yeye mwenyewe, na kinywa chake.

Walikwenda Lushoto kwa lori la ushirika, wanakwaya, makabeji na Tatu, ambaye hakuwa mwanakwaya wala kabeji lakini alikuwa na jirani mwenye nafasi. Kwaya ilikuwa imepangiwa kutumbuiza asubuhi, nyimbo mbili za mahindi. Jua la Februari lilikuwa kali hata kwa watu wa milimani, na wanawake walijifunika kanga kichwani.

"Tukishamaliza turudi mapema," alisema Mwalimu Mika. "Tunakwenda kuimba, hatuendi dansini."

"Mimi nakwenda kusikiliza," alisema Yudith.

"Sauti ya pili haisikilizi, dada. Inafuata."

"Mwache asikilize, Mwalimu," Tatu alidakia. "Wewe umeziokoa nyimbo za huyo bwana miaka yote, hata ahsante hujampa. Leo nenda kampe mkono, mwambie, mimi ndiye mwizi wako."

Lori zima lilicheka, na Mika akatazama milima kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta noti ya kuanzia wimbo.

Uwanja ulijaa. Waliokuja kwa hiari walikaa juani na wageni waalikwa walikaa chini ya turubai. Mgeni rasmi alihutubia, kisha akahutubia aliyemshukuru mgeni rasmi. Kwaya iliimba mahindi. Alasiri ilipoingia, mbavu za lori la bendi zilishushwa, na hapo juu, kati ya ngoma na vipaza sauti, akapanda mtu mfupi mwenye kitambi na upara, amevaa sweta zito la kijani katika jua lile, kwa sababu alikuwa mtu wa Tanga na alikuwa ameambiwa anakwenda milimani.

"Ndiye huyo?" alinong'ona Tatu. "Huyo? Mbona kama karani wa posta?"

Yudith hakuwa amekuja kumtazama. Alikuwa amejipenyeza hadi mbele kabisa, karibu na kamba, na ameshika kamba kwa mikono miwili.

Darweshi Salimini aliimba kwanza alichoagizwa. Aliimba kilimo, aliimba elimu ya watu wazima, aliimba usafi wa vyoo, na hata vyoo aliviimba vizuri. Sauti yake haikuwa imepata kitambi. Watu waliokaa walipiga makofi. Vijana wachache walicheza pembeni, mbali na macho ya wazee wa kanisa. Kisha aliomba kigoda, akaketi, akawanyamazisha wapiga ngoma kwa mkono.

"Sasa niwape wa zamani," alisema. "Nilikuwa mwembamba nilipoutunga."

Watu walicheka. Akashika gitaa, akapiga ule mwanzo, nyuzi tatu zinazopanda na moja inayorudi, na Yudith akafumba macho.

Akausikia uwanja unasimama.

Haikuwa amri ya mtu. Ilikuwa miguu. Maelfu ya watu waliokuwa wamekaa kwenye majani walinyanyuka kwa pamoja, na kofia za jua zikashuka kutoka vichwani uwanja mzima, kama upepo umepita kwenye shamba la alizeti. Watoto waliokuwa wakitafuna miwa waliitoa mdomoni. Wazee wa Vuga waliegemea bakora zao wakainamisha vichwa. Chini ya turubai mgeni rasmi, aliyeona umma wote umesimama na hakuambiwa kwa nini, alifanya kile ambacho kiongozi mwenye busara hufanya: alisimama pia, akanyoosha mikono ubavuni.

"Nimetoka mbali—" alianza Darweshi Salimini.

"*Ametoka mbali, amechoka,*" uliitikia uwanja, kwa sauti nne.

Mwimbaji aliwatazama. Ameimba mbele ya walevi, ameimba mbele ya mawaziri, lakini hili hakuwahi kuliona. Mdomo wake ulifuata maneno mawili matatu zaidi, ukapotea ndani ya sauti ile kama mtu anayezungumza kando ya maporomoko. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamuziki na alijua kitu kikubwa anapokisikia, aliufunga mdomo. Akabaki na gitaa. Alilipiga polepole, akiwafuata wao, na wale walio karibu waliona kwamba machozi yanamtoka.

Yudith hakuimba. Alibana midomo. Aliinama mbele juu ya kamba kumtafuta mwenye wimbo chini ya wimbo. Nyuma yake sauti ya pili ilikuwa dhaifu. Wenzake walikuwa wanamtafuta, aliwasikia wakimtafuta. Nao ubeti wa pili una mahali ambapo sauti ya pili hubaki peke yake kwa maneno matatu, Mika aliupanga hivyo ili wanawake walie. Mahali pale palipofika palikuwa patupu, na Yudith, kabla hajajua amefanya nini, alikuwa amepajaza. Mdomo ulifunguka wenyewe. Aliimba *anakuja, anakuja* mpaka mwisho, vizuri kama siku zote.

"Amina," ulisema uwanja.

Gitaa halikunyamaza. Liliuzunguka mwanzo tena, zile nyuzi tatu na moja inayorudi, na Yudith aliona Darweshi Salimini akiinua kichwa na kuvuta pumzi, macho amefumba, jinsi mtu anavyovuta pumzi kabla ya kona. Mdomo wake ulifunguka kwa ubeti wa tatu.

Na watu wakageuka wakaondoka.

Waliondoka kimya, bila kutazama nyuma, kofia mikononi, kama wanavyoondoka siku zote. Kazi ilikuwa imekwisha. Kwenye bomba la maji lililo kando ya uwanja foleni ilikuwa imeshaanza, ya watu waliokunja mikono ya mashati ili wanawe.

"Ndugu wananchi!" Bwana Ramadhani alikimbilia kipaza sauti. "Ndugu wananchi, bado! Sherehe bado haijafungwa! Hotuba ya kufunga bado!"

Wachache walisita. Darweshi Salimini alifumbua macho, akaona migongo ya wilaya nzima. Pumzi aliyokuwa ameivuta aliitoa hivihivi. Alilaza gitaa magotini, akacheka kidogo, akashuka kwenye lori.

Yudith alipita chini ya kamba. Alimkuta nyuma ya lori, amekaa juu ya kasha la vipaza sauti, anajifuta uso kwa mkono wa sweta. Dereva alikuwa anafunga mbavu za gari. Kutoka upande wa Magamba ukungu ulikuwa umeanza kuteremka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada. Mzee yuko nyumbani Tanga, anavuta tumbaku. Mimi Darweshi tu." Alimtazama. "Hebu niambie wewe, mmenifanya nini pale?"

"Tumekuzika," alisema Yudith. Akaona amekosea. "Samahani. Si wewe. Wimbo ule kwetu ni wa mazishi."

"Wa mazishi!" Alirudia neno hilo mara mbili, kama anaonja chumvi. "Mimi niliutunga nikirudi kutoka kwenye ngoma ya usiku kucha, mke wangu amenifungia nje."

"Naomba ubeti wa tatu, kaka."

"Wa tatu?"

"Ule unaoanza 'Na ukisikia'."

"Na ukisikia nini?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza."

Darweshi Salimini alicheka, kisha alimwona usoni akaacha. Alilivuta gitaa. "Huo niliutunga palepale tulipokuwa tunarekodi," alisema. "Walisema santuri bado ina nafasi, ongeza kitu. Kwa hiyo siuhifadhi, dada. Unakuja wenyewe nikiwa mbioni. Nikitoka kwenye wa pili, mdomo unaujua. Pale juu ulikuwa umefika, uko hapa," aligusa midomo, "lakini nyinyi mlikwenda zenu. Ngoja. Tuanze mwanzo, utakuja."

Akapiga nyuzi tatu na ile inayorudi. Aliimba polepole, kwa ajili ya mtu mmoja, na ilikuwa sauti ileile ya redio ya betri, bila kelele za betri.

"*Nimetoka mbali, nimechoka, njia ni ndefu, kazi imekwisha—*"

"Mwezi mchanga," alisema Yudith.

"Ee. Mwezi mchanga. *Njia ni ndefu, mwezi mchanga, umfungulie mlango, Bwana*... Ah!" Alilipiga gitaa kofi. "Yamenishika, maneno yenu. Tena."

Alianza tena. Alifika mbali zaidi, akateleza palepale. Mara ya tatu alifumba macho, akaenda kasi ili apapite, na Yudith alikuwa akitikisa kichwa kila mstari, amesimama kwa ncha za vidole. Na kwenye ule mstari wa mlango, ambapo Hezekia alisema *mpenzi*, yule mwenye wimbo akasema *Bwana*.

Dereva alipiga honi.

"Bwana Darweshi! Ukungu ukitangulia, Mombo hatufiki leo!"

"Nakuja," alisema Darweshi Salimini. "Nakuja." Alisimama, lakini hakwenda. "Dada, hayo maneno yenu nani kayatunga? Ni mazuri kuliko yangu. Yangu yalikuwa ya mlevi aliyefungiwa nje. Nisomee yote, nisije nikayasahau."

Yudith alimsomea. Hakuwa na cha kumnyima. Alikuwa mgeni, na alikuwa ameomba kwa adabu. Mtunzi aliyarudia nyuma yake, mstari kwa mstari, mara moja tu kila mstari, na yalimkaa.

"Beti mbili?"

"Mbili," alisema Yudith.

"Safi. Nikiukumbuka ule mwingine nitakutumia salamu redioni. Unaitwa nani?"

Alimtajia jina. Dereva alipiga honi tena, kwa kirefu, na Yudith hakuwa na hakika kama jina lilifika.

Kwenye lori la ushirika walimpa nafasi mbele, kati ya makabeji yaliyokosa mnunuzi. Mwalimu Mika alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa amesikia uwanja mzima ukiimba mpangilio wake, na mtu maarufu akilia kwa ajili yake. "Umeona, dada Yudith?" alisema. "Ulisema unakwenda kusikiliza. Mwisho uliimba. Nilikusikia pale kwenye ubeti wa pili, uliingia kama maji."

Tatu, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane Mlalo, hakusema kitu. Alivua kanga yake ya pili akamfunika Yudith mabega, kwa kuwa ukungu ulikuwa umeshawakuta.

Taarifa ya Afisa Utamaduni ilisema kwamba maadhimisho yalifana, kwamba umma ulisimama wote kwa heshima ya msanii wao, na kwamba baada ya burudani wananchi walitawanyika kwa amani na kwa usafi. Nakala zilikwenda panapohusika.

Masika yalipokwisha, Darweshi Salimini alirekodi upya. Redioni mtangazaji alieleza kuwa maneno yametungwa na wananchi wenyewe wa milima ya Usambara, akaupongeza umma. Wimbo huo sasa unapigwa sana: asubuhi kabla ya habari, mchana wakati wa salamu, na jioni, saa ambayo Yudith anakuwa ameketi jikoni, maji yanachemka, na kisahani cha unga mkononi. Ni wimbo mzuri na umerekodiwa vizuri. Ukisikiliza unasikia hata kidole kinavyoteleza kwenye uzi.

Una beti mbili.